Mashini Inatoka Jasho na Haina Kazi

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 5 mwezi wa pili

Hakuna ordinatere, njo kompyuta, mu Bunia yote isiyoniogopa. Nikipita tu mbele ya wale wanaotengeneza masimu kule soko, zile zimekufa zinawaka zenyewe, juu ya haya. Kama ningezaliwa Ulaya, saa hii barabara moja ingekuwa na jina yangu. Nilizaliwa Rwambuzi. Niliacha masomo mwaka wa tatu ya segondari, si juu nilikosa akili, ni juu walimu walikosa kitu cha kuniongezea. Papa Deo, mukubwa wa redio fasi natumika, anasema nilikosa hesabu. Papa Deo anasema mambo mingi.

Nimefungua redio. Kufagia. Kupangusa vumbi ku plake za jua, zile zinajaza betri. Vumbi nyekundu kila fasi, hata ndani ya sukari. Mama Baraka alikuwa amekaa tayari ku mulango na beseni yake ya mikate ya mafuta. Alinipa moja, ile ya kuungua. Anasema injeniere hachague.

Serveri, ile mashini kubwa ya kuweka sauti, ilikuwa inalia. Vantilatere, feni yake, inapiga sawa pikipiki inapanda kilima na watu wanne. Na hakuna mutu mu redio. Ku vibanda vya kusikiliza, hata roho moja. Niliangalia ku ekra, kioo ya mashini: prosesere, njo kichwa ya mashini, inatumika karibu yote. Kwa kazi gani? Kazi hakuna. Ni sawa mutu amelala usingizi lakini anatoka jasho ya mutu anayepasua kuni.

Nilizima, nikawasha. Ikanyamaza. Kisha kidogo, ikaanza tena.

Kesho nitaimaliza. Leo niko na njaa.

Siku ya pili, tarehe 6

Betri zilikufa jana mbele ya saa ya majina. Papa Deo ameniita ku biro, njo ofisi yake, na yeye akiniita ku biro ni mubaya, juu biro yake ni kiti moja tu na ni yeye anakaa.

Hakuelewa kwa nini serveri inakula moto wote wa jua, ile umeme ya betri. Nilimweleza polepole, sawa mutu anafundisha mutoto. Watu walikimbia vita, wamoja wako hapa, wengine walibaki kule. Ku milima ya kule rezo ya simu haipandi. Basi Safari, motari wetu wa pikipiki, anaenda Gety, kule pasta anarekodi watu na simu yake, anarudi na kadi ndogo imejaa sauti. Mama anasalimia mutoto. Bwana anauliza bibi yake kama mbuzi ilizaa. Miye naweka zile sauti mu sanduku ya kuingilia, ndani ya serveri. Pale kuna programu moja, siye tunaiita Musafishaji. Inachukua sauti moja moja, inatafuta fasi mutu anaanza kusema, inakata makelele ya mbele, inapandisha sauti ya wale wanaosema ndani ya tumbo, halafu inazituma ku vibanda. Magaribi Papa Deo anasoma hewani majina ya wote hawajakuja kusikia bado. Ukisikia jina yako, asubuhi unakuja, unavaa kaske ku masikio, unalia ao unacheka. Wengi wanafanya yote mbili.

Papa Deo alisikiliza yote. Kisha akasema hiyo kazi ni yeye aliianzisha, anaijua, swali yake ilikuwa ni kwa nini betri zimekufa.

Nilikohoa.

Amesema ngoja mpaka siku ya posho, njo Jumamosi. Kama haijapona, anaitoa. Redio itarudia nyimbo na mahubiri sawa zamani. Redio inaweza kuishi bila serveri, alisema. Nilitaka kumwambia kuna watu ku ule mulango hawawezi. Nimeandika hapa.

Siku ya tatu, tarehe 7

Leo nilifungua mashini tumbo. Nilipata vumbi ya kutosha kupanda mihogo, na mujusi mumoja, amekufa, amekauka, amekunja mikono sawa anaomba. Nikamwonyesha Mama Baraka. Nikamwambia tazama, huyu njo alikuwa anaendesha. Alicheka mpaka akaweka mukono ku kifua.

Nilisafisha yote na burashi ya meno ya Papa Deo. (Asijue.) Nikafunga. Nikawasha. Kimya. Nikapiga kifua mbele ya wote. Nikaimba.

Nilikuwa sijamaliza kuimba, ikaanza kulia.

Sielewi. Kabisa sielewi. Mashini safi, haina kazi, inawaka moto sawa jiko.

Mama Baraka aliniuliza tena kama kuna sauti yake. Anauliza kila asubuhi, na sauti ya mutu anayeuliza bei ya chumvi, sawa haimuhusu. Baraka ni mutoto wake wa kwanza, karibu umuri yangu. Wakati walikimbia, yeye alibaki na babu yake, Muzee Zakayo, kulinda mihogo. Kisha walisikia masasi ya bunduki upande ile. Kisha wakasema imetulia. Tangu pale, hakuna neno. Nilimwambia hapana, leo hakuna. Kila mara namuita Mama Baraka, naita jina ya ule mutoto. Sijawahi kuwaza hiyo mpaka leo.

Siku ya ine, tarehe 8

Nimepata wezi. Wale vijana wanaokaa ku ukuta ya jirani, simu mu mikono, kutwa nzima. Nikasema njo hawa, wanapita mu wayifayi yetu, wanavuta filimu, mashini inachoka juu yao. Nilitoka na hasira kubwa. Nikawaita wezi, nikawaita kunguni, nikawaita jina moja ya Lingala siwezi kuandika. Kisha nikachomoa antene.

Nikarudi ndani. Ilikuwa inalia vilevile.

Kijana mumoja alifuata mpaka ku dirisha kunionyesha simu yake. Walikuwa wanacheza ludo. Mbili mbili, bila rezo. Nimepata haya kidogo. Haya ndogo tu, sawa ya mutu mukubwa.

Papa Deo aliweka mukono juu ya serveri, akaomba. Maombi ndefu, na majina ya malaika. Miye kwa wakati ile nilikuwa nimeizima na kuiwasha, basi ikanyamaza, na yeye akaniangalia sawa anasema, unaona. Nikasema amina. Bado kidogo ikaanza, yeye alikuwa ameshaenda. Sikumwambia. Mutu asiharibiwe imani na vantilatere.

Betri zilikufa tena. Saa ya majina hapana. Watu walikuja ku mulango kuuliza kama redio ilifungwa na wakubwa. Mumoja akasema labda kuna vita inakuja na redio inajua, njo sababu inanyamaza. Hapa redio ikinyamaza, watu wanaanza kufunga magodoro. Papa Deo alisimama inje, akasoma majina kwa kinywa, bila mikro, mpaka sauti yake ikapasuka. Wale wa karibu walisikia. Wale wa mbali sijui.

Siku ya tano, tarehe 9

Usiku nilikuwa nawaza, na wazo imekuja wakati naoga. Mawazo yangu yote mazuri yanakuja na sabuni mu macho.

Nilikuwa naangalia mashini yote. Sikuwa nimeangalia ndani, nani anakula. Ni sawa nyumba sukari inapotea, weye unapiga nyumba. Ku ekra kuna fasi inakuonyesha kila kazi na kiasi inakula. Nimefungua pale. Nimeiona.

Musafishaji.

Wengine wote wamelala. Yeye peke yake ameshika kichwa yote ya mashini.

Nilimsimamisha. Serveri ikanyamaza sawa kanisa siku ya kazi. Nikapiga kelele ya furaha. Lakini pale sauti ya kujaribu, ile nilirekodi miye mwenyewe, sikuweza kuituma ku vibanda, juu ni yeye anayetuma. Nikamwamsha. Sauti ikaenda. Na makelele ikarudi. Kumusimamisha: kimya, na redio haina maana. Kumwamsha: kazi inaenda, na betri zinakufa.

Nimefanya hiyo mara mingi. Asubuhi yote. Sawa mutoto na swichi ya taa. Sijaenda mbele hata kidogo. Kichwa yangu nayo sasa iko sawa ile prosesere: inazunguka, inatoka moto, haitoi kitu.

Na sanduku karibu tupu! Safari hajaleta kadi tangu wiki ilipita, pikipiki yake ilivunjika mnyororo. Basi Musafishaji anasafisha nini?

Siku ya posho, tarehe 10

Nimeshinda. Niandike vizuri, juu hii siku watoto wangu wataisoma.

Nilifungua sanduku ya kuingilia. Nilisema jana karibu tupu. Neno ni ile «karibu». Mulikuwa na sauti moja. Moja tu, ya kadi ile ya mwisho ya Safari. Zingine zote zilienda, hii ilibaki. Nikakaa naiangalia. Musafishaji anaichukua. Anatafuta fasi mutu anaanza kusema. Anatafuta ku mwanzo tu, hivyo njo walimutengeneza. Hapati. Anaichoka, anairudisha mu sanduku. Lakini akiangalia mu sanduku, anaona kuna sauti moja inangoja. Anaichukua. Anatafuta. Hapati. Anairudisha. Anaiona. Bila kupumua, bila kukaa, muchana na usiku, siku zote hizi. Njo jasho ile.

Mujusi masikini. Hakuwa na kosa.

Nilivaa kaske nikasikiliza miye mwenyewe. Kuku. Upepo ku manjanja, mabati ya nyumba. Kiti inalia kidogo. Kuku tena. Mutu anapumua. Hakuna jina. Na sheria ya pasta kule Gety kila mutu anaijua: unaanza na jina ya yule unamutumia, ndiyo siye tujue nani wa kuita. Hapa hakuna jina, hakuna salamu, hakuna «jambo yenu». Nilingoja kidogo. Kuku. Nikachoka. Mutu fulani aligusa simu ya pasta na kiwiko ya mukono, ikarekodi muchana mubovu.

Papa Deo ana sheria yake naye: sauti haifutwe kama mwenyewe hajaisikia. Lakini hii haikuwa sauti. Hii ilikuwa kuku.

Nilifuta. Si kufuta ya kutupa ku kapu, hapana, miye sipendi kazi nusu. Nilifuta mpaka muzizi, na ile programu inayopaka mafasi rangi juu ili isirudie. Na kadi ya Safari niliisha kuipangusa zamani, sawa kawaida, ibebe zingine.

Kimya.

Prosesere ilishuka mpaka chini, ikalala pale. Vantilatere ilizunguka polepole, ikasimama. Nilisikia nzi. Nilisikia Mama Baraka anageuza mikate inje. Sikujua chumba ile iko na kimya nzuri vile.

Papa Deo alikuja mwenyewe kuniamkua. Saa ya majina ilipita yote, mikro na yote, na mwishoni akasema hewani asante kwa fundi wetu Trezor. Hewani! Bunia yote ilisikia. Gety kama upepo ulikuwa muzuri.

Siku ya Mungu, tarehe 11

Kanisani watu walinigeukia. Wasichana wa kora, wale wanaoimba, wawili, tuseme watatu. Papa Deo alinilipia mishikaki. Nilieleza habari ya Musafishaji ku meza tatu tofauti, na kila meza mashini ilikuwa kubwa zaidi.

Siku ya kwanza, tarehe 12

Serveri inalala sawa mutoto ameshiba. Betri zimejaa mpaka asubuhi.

Safari amerudi ku kazi, mnyororo mupya, na domo ile ile. Ananiita profesere wa vumbi. Nilimuita gari ya kuku. Tulikuwa tunacheka ku mulango, akanunua mukate, akamuuliza Mama Baraka kama alifurahi na sauti yake.

Mama akasema sauti gani.

Safari akasema ile ya muzee. Muzee Zakayo. Alishuka mwenyewe ku miguu mpaka Gety, na fimbo, na shati ya kanisa. Safari alikuwa pale anangoja kadi, alimuona ameketi ku kiti mbele ya simu ya pasta. Hakumsikia, juu pasta anafukuza watu wakati mutu mwingine anarekodi. Lakini alimuona ameingia na alimuona ametoka. Muzee akamuambia Safari, hii ni ya muke wa mutoto yangu.

Mama Baraka aliniangalia. Safari naye akaniangalia.

Nilisema haijafika. Nilisema labda kadi ilipata vumbi njiani. Ile uongo ilitoka yenyewe, vile, haraka, sawa mate.

Sina hamu ya kula.

Siku ya pili, tarehe 13

Nilijaribu kuirudisha. Kuna programu za kufukua vitu vilivyofutwa. Zinafukua kama mutu alizika vibaya. Miye nilizika vizuri sana. Nilipata picha za harusi ya mutu simujui, na nusu ya mahubiri. Kuku, hapana.

Kupiga simu kule? Simu ya pasta inajaa haraka, akiisha kutia mu kadi anafuta. Na muzee anakaa mbali na Gety, fasi hakuna rezo. Na Safari anasema tangu asubuhi barabara imefungwa, waaskari hawapitishe mutu mpaka wapange siku ya kusindikiza magari. Hakuna anayejua sababu. Wanasema hakuna kitu. Wakisema hakuna kitu, watu wanahesabu watoto wao.

Labda haikuwa yake. Kadi ile ilikuwa na sauti mingi. Labda ya muzee ilipotea kweli njiani, na kuku ni kuku tu. Inawezekana. Mambo mingi inawezekana.

Lakini muzee hawezi kuketi tu bila kusema mbele ya simu. Nani anashuka mulima na shati ya kanisa kwenda kunyamaza?

Sielewi tena kitu. Mashini imepona, miye njo nimeanza kulia bila kazi.

Siku ya tatu, tarehe 14

Nilimuuliza Mama Baraka, kwa ujanja, sawa nataka tu hadithi, muzee wake anasemaka gisi gani. Kama ni mutu wa maneno mingi.

Alicheka. Akasema ku habari ya mbuzi na mvua, huwezi kumunyamazisha. Lakini ngoja awe na neno nzito. Kule kwao, akasema, mutu aliyebeba neno nzito hasalimie. Haite jina ya mutu. Anaingia, anaketi, ananyamaza. Ananyamaza mpaka mwenye nyumba aone, aache kazi iko mu mikono, atoe chungu ku moto, aketi naye. Hapo njo neno itoke. Ukianza kusema hajaketi, ni sawa umemutupia mutu jiwe akiwa anageuka.

Nikauliza, neno nzito, ni kilio?

«Kilio,» akasema. «Ao kuoa. Ao miji mbili zimekubali kula pamoja. Kimya ni moja, mutoto yangu. Ungoje ndiyo ujue.»

Akageuza mikate. Akasema Baraka alikuwa anaangalia binti mumoja wa kule ngambo ya muto. Akasema na tena kuna ile masasi.

Nilienda nyuma ya redio, karibu na gurupe ya zamani, ile jenereta imekufa, nikasimama pale.

Kuku. Upepo. Kiti inalia kidogo. Mutu anapumua.

Muzee alikuwa anangoja Mama Baraka aache chungu.

Siku ya ine, tarehe 15

Mubaya imezidi. Ku mulango watu wameanza kusema Safari anatupa sauti za watu njiani. Mama mumoja alimuambia usoni: ya mama yangu nayo uliitupa? Safari hakujibu na mizaha yake ya kila siku. Alipangusa pikipiki yake fasi moja, tena na tena, fasi ilikuwa safi. Papa Deo ameniuliza pembeni kama kweli kadi ilikuwa na vumbi. Amesema akipata motari mwingine atamubadilisha. Nilisema sijui.

Huyu mutu anapita fasi miye sijapitaka. Anabeba sauti mu kifua, ndani ya plastiki, juu ya mvua. Na miye, mufalme wa maordinatere, nimemupakia kuku zangu.

Siku ya tano, tarehe 16

Nilienda mapema, mbele ya redio kufunguliwa. Mama Baraka alikuwa amewasha moto, mafuta inaanza kulia. Nilikuwa nimetengeneza maneno mu njia. Mazuri. Yalianza na mashini, na kosa ya wale walioandika programu, na namna hata mutu mwenye akili angekosea.

Nilikaa ku kibao yake. Nikafungua kinywa. Maneno hayakuja. Hata «jambo» haikuja. Nilikaa tu naangalia mafuta.

Aliniambia tazama injeniere ameamka na jua. Sikujibu. Akatia mikate mbili mu mafuta. Akaniangalia tena. Kisha nikaona mikono yake imesimama.

Alitoa mikate, bado nyeupe. Akatoa chungu ku moto, akaiweka chini. Akapangusa mikono ku kitenge, kidole moja moja. Akavuta kiti yake, akaketi mbele yangu. Magoti karibu na magoti.

Hapo njo nilielewa kitu nilikuwa nafanya. Na sikuweza kurudi.

«Sema sasa,» akasema.

Nilisema yote. Haikuwa ndefu. Nilisema ilifika, miye niliisikia mwanzo, sikusikia mutu, nikaifuta. Nilisema Safari hana kosa.

Hakupiga kelele. Ningependa apige kelele. Aliuliza nilisikia nini. Nikamuambia: kuku, upepo, kiti, mutu anapumua. Akauliza anapumua gisi gani. Nikasema polepole. Akauliza polepole ya mutu amechoka na njia, ao polepole ya mutu anazuia.

Sikujua. Nilisikiliza na vidole tayari ku kufuta.

«Na weye hukungoja.»

«Sikungoja, Mama.»

Kisha akasema, sasa niko na kimya yake, sina neno yake. Alisema polepole, sawa anajieleza mwenyewe. Akauliza Safari anatoka saa ngapi kama barabara inafunguliwa.

Nilienda kwa Papa Deo, nikamuambia naye. Alivua miwani. Aliniuliza kama nakumbuka sheria yake. Nikaisema, neno kwa neno. Akasema basi uliijua. Hiyo tu. Magaribi, kisha ya majina, alisema hewani kwamba Safari alileta sauti zote, hakuna moja ilianguka njiani. Hakusema jina yangu. Nilikuwa nimesimama ku mulango wa studio, nangoja aiseme.

Siku ya posho, tarehe 17

Wamefungua barabara. Magari yamepangwa nyuma ya gari ya waaskari, mapikipiki nyuma ya magari. Mama Baraka alipanda nyuma ya Safari, amefunga kitenge mupya ku kichwa. Kitenge ile inaenda ku harusi na inaenda ku kilio, nilimuona anaichagua. Aliniachia beseni. Safari hakuniita profesere. Aliniambia tu, angalia redio.

Nilitengeneza Musafishaji. Sasa akikosa sauti ku mwanzo, anaenda mpaka mwisho, na akikosa mpaka mwisho, anaiweka pembeni, mutu aisikilize yote. Haikuwa kazi ngumu. Muchana moja.

Nafasi ya Mama Baraka ku mulango iko na duara ya nyeusi, fasi ya moto. Watu wanauliza mikate. Nasema ameenda Gety. Wanauliza kwa nini, nasema kuona mutoto wake. Jina ya mutoto naisema polepole.

Mashini imenyamaza. Betri zimejaa. Kila mutu atasema nilifaulu.

Lakini ile mashini ilichukua sauti ya muzee, ikakosa, ikairudilia, ikairudilia, siku zote, mpaka ikatoka moto. Haikuchoka kungoja aseme. Haikuwa na ugonjwa. Ni miye nilichoka, na nilikuwa sijasikia mpaka mwisho.